Bendi imepigiwa debe mpaka basi, albamu imetoka, watu wamegawanyika: jinsi ya kuisikiza mwenyewe

Hii kitu ya bendi kufufua new wave, ile roki ya mwisho wa miaka ya sabini, hurudi kila baada ya miaka michache na bado hutukamata vile vile. Vijana wanne watano wa New York au Glasgow au Las Vegas, suti za kubana, tai nyembamba, nywele zimevurugwa kwa makini sana, wanaachilia singo mbili moto, yaani ngoma zinazotangulia albamu, magazeti ya Uingereza yanawapigia debe hadi mtu anaweza dhani ni msimu wa uchaguzi, halafu albamu inatoka na wasee wanagawanyika katikati. Hawa wanasema ndio albamu ya mwaka, wale wanasema ni wezi tu wameenda kuiba 1979. Na wewe uko zako kwa foleni ya matatu za Rongai, umesikia ngoma tatu, moja umeipenda, mbili huelewi, na kwa grupu ya WhatsApp wameshaanza kurushiana maneno, wanangoja useme uko upande gani.

Usiseme bado. Ukiangalia vizuri vile watu hubishana juu ya hizi albamu za kwanza utaona hawaongei juu ya kitu kimoja. Mmoja anatetea zile singo mbili. Mwingine anatetea bendi za zamani alizozipenda akiwa kijana na anahisi zimeibiwa. Wa tatu hana shida na muziki hata kidogo, shida yake ni debe lenyewe, yaani amechoka kuona hizo sura. Albamu yenyewe, ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, pengine hakuna hata mmoja wao ameimaliza. Kwa hivyo kazi yako ni kutenganisha hivyo vitu vitatu, singo, wazee na debe, uviweke kando, halafu usikie ni nini imebaki. Mifano nitachukua ya lile wimbi la 2001 hadi 2005 kwa sababu limekaa vya kutosha na tunajua kila bendi iliishia wapi, lakini njia ni ile ile hata kama bendi yako imetoa albamu Ijumaa iliyopita.

Sikiza wazee, lakini wachache

Kabla umwite mtu mwigaji inafaa ujue anamwiga nani. New wave kwa kifupi ni kile kilitokea watu walipochoka na panki ya gita tupu, kama kuanzia 1977 hivi, wakaanza kuingiza disko, vinanda vya umeme na maneno ya mtu mwenye wasiwasi asiyejua aweke mikono wapi. Huhitaji kumaliza maktaba nzima. Chagua tatu. Parallel Lines ya Blondie, 1978, ili usikie mashine ya midundo ya Roland CR-78 ikitembea chini ya Heart of Glass bila kuchoka. Unknown Pleasures ya Joy Division, 1979, ili usikie besi inayoimba kule juu na sauti nzito ya mwanaume inayotoka mbali. Entertainment! ya Gang of Four, 1979 pia, ili usikie gita linalokatwakatwa badala ya kupigwa. Ukipata nafasi ongeza Dare ya Human League, 1981, hiyo ni ya vinanda. Kuna jamaa atakuambia Joy Division na Gang of Four si new wave, ni post-panki, na yuko sawa, mwachie huo ushindi aende nao nyumbani, kwa kazi yetu haibadilishi kitu kwa sababu bendi za kufufua zilichota pande zote mbili bila kuuliza ruhusa.

Upande wa wafufuaji: Is This It ya The Strokes ilitoka 2001, Turn on the Bright Lights ya Interpol 2002, mwaka wa 2004 ukaleta Franz Ferdinand na albamu yenye jina lao wenyewe na Hot Fuss ya The Killers, 2005 ikaja Silent Alarm ya Bloc Party. Zote ni albamu za kwanza, zote zilipigiwa debe, zote zilikuwa na watu wa kuziponda. Franz Ferdinand walichukua hadi Mercury Prize ya 2004, ile tuzo ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, na bado kuna wasee watakuambia ile albamu ni ngoma moja na matangazo kumi.

Kama wewe ni wa kushika kitu mkononi, pale Kenyatta Market, kati ya moshi wa nyama choma na wadada wa kusuka, kuna duka la santuri limejaa hadi juu. Za Manchester usizitegemee sana, kuna uwezekano mkubwa utaenda kutafuta Joy Division utoke na Franco, na sioni kama umepoteza.

Simu yako inakudanganya

Usihukumu albamu ya aina hii kwa spika ya simu. Noti ya chini kabisa ya gita la besi iko kwa hezi 41 hivi na kale kaspika hakafiki karibu na huko, unachosikia ni gita jembamba na mtu analalamika, halafu unaandika kwamba bendi haina uzito. Matatu nayo ina shida ya upande wa pili, sistemu imepandishwa besi mpaka kila kitu kinageuka reggae. Tafuta earphone za waya za kawaida, za Luthuli zinatosha, uzime kile kitu cha kuongeza besi kwenye setingi, uzime na shafo, ile ya kuchanganya mpangilio wa ngoma. Kama bando ni shida pakua albamu nzima ukiwa kwa wifi, kwa sababu ikikwama ngoma ya nne lazima utarudi kwa ile singo, na ndivyo mtu hujikuta amesikiza singo mara ishirini na ngoma ya tisa hajawahi kukutana nayo.

Halafu kuna hili la ukubwa wa sauti, ambalo linapotosha karibu kila mjadala wa zamani dhidi ya mpya na ni nadra kusikia mtu akilitaja. Albamu nyingi za miaka ya 2000 zilikandamizwa studio, zile sehemu za sauti ndogo zikapandishwa hadi zikaribie za sauti kubwa, ili ngoma ikichezwa redioni isionekane dhaifu kando ya ile iliyotangulia. Sikio letu lina tabia moja mbaya, likipewa vitu viwili hudhani chenye sauti kubwa ndicho bora. Kwa hivyo ukicheza Joy Division halafu Bloc Party bila kugusa volyumu, Bloc Party wanashinda hata kabla hawajafanya lolote. Na jambo lile lile linageuka dhidi yao baadaye, kwa sababu sauti iliyojaa hivyo kwa albamu nzima inachosha, ukifika ngoma ya nane umechoka na unaanza kusema nusu ya pili ni mbovu, kumbe ni masikio yako yanaomba kupumzika. Dawa ni rahisi. Shusha ile mpya, pandisha ya zamani, mpaka sauti ya mwimbaji isikike sawa kwa zote mbili. Programu zingine za muziki zina sehemu ya kusawazisha volyumu, iwashe. Na nusu ya pili ya albamu isikize siku yake peke yake, asubuhi masikio yakiwa bado mapya.

Anza na ngoma ya sita

Hapa ndipo penye kazi yote, hayo mengine ni kujitayarisha tu.

Albamu ya kwanza ya bendi iliyopigiwa debe haitoki ikiwa mpya. Singo zilishatoka miezi kabla, zingine hata mwaka mzima. Mr. Brightside ya The Killers ilitolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka wa 2003, haikutikisa sana, ikarudishwa 2004 ndio watu wakaamka. The Modern Age ya The Strokes ilikuwa kwa EP yao, ile rekodi fupi ya ngoma chache, mwanzoni mwa 2001 kabla ya albamu. Arctic Monkeys nao, ambao si wa new wave sana lakini walipanda basi lile lile, demo zao zilikuwa zimezunguka kwa intaneti hadi mashabiki wanaimba maneno yote kwa shoo, na albamu ilipotoka Januari 2006 ikauza zaidi ya nakala 360,000 Uingereza kwa wiki ya kwanza. Sasa mtu akisema "albamu ni kali" huwa anamaanisha nini hasa? Mara nyingi anamaanisha zile ngoma ambazo tayari alikuwa anazijua. Kuzisikia tena hakumwambii chochote kipya juu ya bendi.

Kwa hivyo usianze na ngoma ya kwanza. Anza na ya sita, enda hadi mwisho, halafu ndio urudi mwanzo. Najua wasanii hupanga mfuatano na huu ni ukosefu wa heshima fulani, lakini mfuatano wenyewe mara nyingi ni wa kampuni ya rekodi inayojua utasikiza dakika kumi uamue.

Hot Fuss ndio mfano mzuri zaidi. Ina ngoma kumi na moja, na singo zote nne zimepangwa mfululizo, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Nne, moja baada ya nyingine! Kuanzia hapo hadi mwisho hakuna singo tena. Ni sambusa ambayo nyama yote imeenda kona moja, ukianza na hiyo kona utaapa hujawahi kula sambusa kama hiyo, na aliyeanza na ile kona ingine atashangaa unaongelea nini, na nyote wawili mko sawa. Ndio maana ile albamu iligawanya watu vile. Mimi nikiianza na ngoma ya sita nasikia bendi inayojua inataka kufanana na nani lakini haijui itafanya nini ikifika huko, vinanda vimejaa, mwimbaji anaigiza Mwingereza akiwa mtu wa Nevada, na ni ngoma ya kumi tu, Midnight Show, inayonishtua. Hiyo ni hukumu yangu. Ile nusu ya kwanza hata hivyo siipondi, inashinda albamu nyingi.

Linganisha na Is This It. Ngoma kumi na moja pia, inaisha kwa kama dakika thelathini na sita, lakini singo zake ziko ya tano, ya saba na ya nane. Ukianza na ya sita unaangukia katikati ya moto. Silent Alarm ina ngoma kumi na tatu na ile ambayo mashabiki wengi huishika roho, This Modern Love, ni ya saba na haikutolewa hata kama singo. Interpol ndio wabishi kabisa, ngoma yao ya nane inapita dakika sita, na bado ukifika katikati yake unaelewa kwa nini kuna watu huwatetea hadi jasho linawatoka. Sisemi albamu ikiwa na singo mwishoni ni nzuri moja kwa moja. Nasema ukianza na katikati unasikia bendi pale ambapo hakuna mtu amekuandaa, na mwitikio utakaokuwa nao hapo ni wako.

(Ukisikiza Is This It angalia pia uko na toleo gani. Ile ya Marekani ilicheleweshwa hadi Oktoba 2001 baada ya Septemba 11, ngoma ya tisa iliyotaja polisi wa New York ikatolewa ikawekwa nyingine. Nimeona watu wakibishana juu ya ngoma ya tisa kwa saa nzima, kumbe kila mmoja ana yake.)

Fuata besi

Wasee wengi wakisikiza roki hufuata sauti na gita. Kwa new wave fuata besi, hiyo ndiyo itakuambia kama bendi ina kitu ama ni suti tu.

Na hapa sisi wa Nairobi tuko mbele ya Mwingereza wa kawaida, tumelelewa na besi. Cheza Sina Makosa ya Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, wakati ule ule Blondie wanarekodi kule New York, na ujaribu kuimba ngoma hiyo. Nakuhakikishia kabla ufike kwa maneno utakuwa umeanza na besi kwa mdomo, na mzazi wako pia, na dereva wa matatu pia. Besi pale haisindikizi ngoma, ndiyo ngoma. Benga nayo ni vile vile, besi huongea, inajibu gita, haikai nyuma kunyamaza. Sikio hilo ulilo nalo tayari lipeleke kwa Joy Division usikie Peter Hook, ambaye alianza kupiga noti za juu kwa sababu spika yake ilikuwa mbovu na akipiga za chini hajisikii. Spika mbovu ikazaa mtindo mzima, na miaka ishirini baadaye vijana wenye spika nzuri wanaiga matokeo ya ile mbovu.

Sasa weka bendi yako mpya na ujaribu kuimba besi peke yake ngoma ikiisha. Ukiweza kwa ngoma nne tano, kuna bendi hapo. Kwa Interpol wa kwanza unaweza, Carlos Dengler alikuwa anapiga mstari wake kando kabisa na gita, na mara nyingi ndio mzuri zaidi. Ukijaribu na ukute besi inarudia tu noti ile ile gita linapiga, chini kidogo, kwa albamu nzima, basi wamechukua nguo za new wave wakaacha mwili.

Dramu, zile zinazopigwa kwa vijiti, pia ziangalie, ila haraka. Huu ulikuwa muziki wa kucheza. Franz Ferdinand walisema wazi wanataka kutengeneza muziki wa wasichana kucheza, na Take Me Out inaanza mbio halafu kabla dakika ya kwanza iishe inapunguza mwendo mbele yako, na badala ya kufa ndio inaamka. Kama kichwa chako hakitikisiki hadi ngoma ya tano, hiyo bendi imefufua picha tu.

Mtu akisema "wamekopi"

Hili ndilo shtaka kubwa na ndilo lililo na uvivu mwingi zaidi. Nina rafiki ambaye kila bendi yenye mwimbaji wa sauti nzito kwake ni Joy Division, hata kwaya ya kanisa ikishusha sauti kidogo atasema ni Joy Division. Ukimuuliza wamekopi nini anakuambia "ile fili". Hapana buda. Fili si kitu cha kuibiwa. Sema ni nini: ni toni ya gita? ni mstari wa besi? ni namna ya kuimba? ni mdundo? ni mavazi? Ukilazimika kutaja, nusu ya mashtaka huyeyuka na nusu inayobaki inakuwa nzito kweli.

Elastica, bendi ya Uingereza, ndio kipimo changu. Albamu yao ya kwanza ya 1995 ilikuwa na ngoma, Connection, iliyofanana na Three Girl Rhumba ya bendi ya Wire ya 1977 hadi wakamalizana nje ya mahakama, na wakamalizana pia na The Stranglers kwa nyingine. Hapo hakuna mambo ya fili, hapo ni noti. Na bado albamu ni nzuri, hiyo ndiyo inayoudhi watu. Kukopi kunaweza kuthibitishwa kabisa na ngoma bado ikacheza. Kwa hivyo hayo ni maswali mawili, usiyafunge pamoja: wamechukua nini, na wamefanya nini nacho.

Interpol walishtakiwa Joy Division tangu siku ya kwanza. Weka hizo albamu mbili kando kando, volyumu sawa kama nilivyosema. Sauti ya mwimbaji wao Paul Banks ndiyo, iko jirani na ya Ian Curtis wa Joy Division. Lakini magita mawili yale yanayotetemeka na kujaza chumba, Joy Division hawakuwa hivyo, wao waliacha nafasi tupu, prodyusa wao Martin Hannett alipenda ukiwa. Interpol hawana nafasi tupu hata moja. Wamechukua koo, nyumba wamejenga yao. The Strokes nao walisemwa wameiba New York ya miaka ya sabini, sawa, lakini mwimbaji wao Julian Casablancas aliimba kupitia amplifaya ndogo ya mazoezi ili sauti ikwaruze, na ule mkwaruzo ukawa wao hadi bendi zingine zikaanza kuukopi. The Killers jina lenyewe walilitoa kwa video ya New Order (bendi ya waliobaki wa Joy Division), bendi ya kubuni iliyoonekana pale, na sijawahi kuona watu wakikasirikia hilo, wanakasirikia vinanda.

Pia kumbuka hao "asili" wenyewe walitoa wapi. Talking Heads, bendi ya new wave ya New York, wakitengeneza Remain in Light mwaka wa 1980 na prodyusa Brian Eno walikuwa wamesikiza Fela Kuti sana, na inasikika kwa kila dakika. Vampire Weekend walipotoa albamu ya kwanza 2008 na ngoma yenye kwassa kwassa kwa jina, kule kwao mabishano yalikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kupiga hilo gita. Sisi huku tuliolelewa na Lingala kila Jumapili shida yetu ilikuwa nyingine kabisa: gita limeguswa vizuri, unangoja sebene ifunguke, ngoma inaisha. Manze. Hiyo ni lawama halali zaidi kuliko "wameiba", wamechukua lango wakaacha nyumba ya sherehe.

Kusoma wahakiki bila kuvurugwa

Haya ni mafupi. Usisome kabla ya kusikiza. Ukishasikiza, usiangalie wastani wa maksi, kwa sababu albamu iliyopewa tisa na watu nusu na tatu na nusu ingine inaonekana sita, na albamu ambayo kila mtu aliipa sita pia ni sita, na hizo ni albamu mbili tofauti kabisa, ya kwanza unaitaka na ya pili huihitaji. Tafuta aliyeipa maksi ya juu zaidi na aliyeipa ya chini zaidi, soma hao wawili tu, na uangalie kama wanataja ngoma sawa. Mara nyingi hawataji. Anayesifu anataja ya pili na ya nne, anayeponda anataja ya saba na ya tisa, na hapo mabishano yameisha, umeshajua kona ya nyama iko wapi.

Angalia pia tarehe. Uhakiki wa wiki ya kwanza unajibu debe kuliko muziki. Jarida la kila wiki kama NME ya wakati ule lilihitaji bendi mpya ya kuokoa dunia kila wiki, hiyo ndiyo ilikuwa biashara, na mhakiki wa upande wa pili anajua hivyo anashusha maksi ili asionekane amebebwa. Wote wawili wanaongea juu yao wenyewe. Uhakiki wa baada ya mwaka mmoja au wakati wa toleo la maadhimisho una utulivu zaidi, ingawa huo nao huwa na ugonjwa wake wa kumbukumbu tamu.

Kutoa hukumu yako

Ipe muda, lakini usiipe milele. Acha albamu kando mpaka usahau mpangilio wa ngoma, endelea na gengetone zako na gospel za mama, halafu uone ni ngoma gani inajirudisha kichwani bila kuitwa, ukiwa unaosha vyombo ama stima zimepotea. Ikiwa ni singo tu inayorudi, ulipenda singo, hakuna aibu, sema hivyo. Mr. Brightside imekaa kwa chati ya Uingereza zaidi ya wiki 400, na ubeti wake wa pili ni ule ule wa kwanza umerudiwa neno kwa neno, kitu ambacho kwa karatasi ni uvivu mtupu. Wale walioisema itapotea kufikia Krismasi walikuwa na sababu nzuri. Walikosea tu.

Ukiandika kwa grupu usiandike imezidishwa sifa, hiyo ni hukumu ya debe. Taja ngoma kwa namba, taja kitu kimoja walichochukua na kwa nani, taja kitu kimoja ambacho hujawahi kusikia kwingine. Ukikosa cha kuweka kwa hilo la mwisho, umepata jibu lako na hutahitaji kutukana mtu.

Halafu ngoja ya pili. Ya kwanza bendi huwa na maisha yake yote kuiandika, ya pili ina mwaka mmoja kwa basi la shoo. The Strokes walijaribu prodyusa mwingine, Nigel Godrich, wakamwacha wakarudi kwa Gordon Raphael aliyerekodi ya kwanza, na Room on Fire ya 2003 ikalaumiwa kwa kufanana na ya kwanza. The Killers walitoroka kabisa hiyo 1979 na Sam's Town ya 2006, wakaelekea Marekani ya barabara ndefu na magita makubwa, wakalaumiwa kwa kutofanana. Interpol ndio nakushauri ufuatilie kwa karibu. Dengler aliondoka 2010, na kwa El Pintor ya 2014 Banks mwenyewe akashika besi. Weka hiyo na ile ya 2002, earphone zile zile, volyumu sawa, usikie kiasi gani cha ile bendi kilikuwa vidole vya mtu mmoja.